Acheni kumuita "kinyonga wa kale" yule kiumbe wa kwenye kaharabu, SIYO kinyonga!!

Wakuu, leo nina hasira na sitaficha. Ile picha ya kale kamnyama kadogo ndani ya kaharabu (utomvu wa mti ulioganda ukawa kama jiwe) ya Myanmar imeanza tena kuzunguka kwenye magrupu, "kinyonga mkongwe kuliko wote duniani, miaka milioni 99", na watu wanagonga laiki tu! Hiyo habari ni ya 2016. Mwaka 2020 wanasayansi walewale walioiandika, akina Juan Daza, wakiwa na mama Susan Evans wa London, walitoka kwenye jarida la Science wakasema wazi yule si kinyonga, ni wa familia ya Albanerpetontidae. Hao ni amfibia, upande wa akina chura, kinyonga ni reptilia, sasa undugu unatoka wapi jamani?

Kilichowachanganya ni mfupa wa ulimi, mrefu, mwembamba kama kijiti. Kale ka 2016 kalikuwa katoto bado, kenyewe kameharibika, wakaona ule mfupa wakajua basi kinyonga. Baadaye likapatikana fuvu la mkubwa, halifiki hata sentimita moja na nusu, zima kabisa na nyama ya ulimi ipo mpaka leo, wakalipiga CT skani ndo ikajulikana kumbe hawa nao walikuwa wanafyatua ulimi kudaka wadudu, wakati miaka yote tulikuwa tunaambiwa ni wa kuchimba chimba ardhini. Wakampa jina Yaksha perettii. Habari tamu hivyo mnaiacha mnashea uongo!

Na nyie wa "si salamanda tu huyo" (yule amfibia mwenye mkia, umbo kama mjusi) ndo mnanikera zaidi. Salamanda ana magamba wapi? Hawa walikuwa nayo. Ni familia inayojitegemea, ipo tangu enzi za Jurasiki, mabaki yake yapo Moroko, Hispania, Kanada, dinosaria wakafa wao wakabaki, wa mwisho wanaojulikana walikuwa Italia kama miaka milioni 2 iliyopita, yaani huku Afrika watu wa kale walishaanza kuchonga mawe!

Halafu hakuna hata mmoja anayetaja kwamba kaharabu hiyo inachimbwa Kachin, kaskazini mwa Myanmar, kwenye vita, watu wanakufa kule.

Maadmini wa mapeji, futeni hizo posti au wekeni jina sahihi. Na mlionifuata inboksi kunitukana, njooni hapahapa na hoja zenu.