Picha za mwanangu za kumaliza sekondari: nipige mwenyewe?

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote.

Mwanangu anaingia darasa la kumi na mbili mwezi Agosti. Wenye watoto wakubwa mnajua, hapa Marekani huo ndio mwaka wa picha: moja ya kitabu cha mwaka cha shule, nyingine za kugawia jamaa wakati wa mahafali. Studio niliyoulizia inatoza kupigwa picha, halafu kila picha unayoichukua ina bei yake. Kamera ninayo, na lenzi ya milimita 50. Bibi yake aliyeko Tanga ameagiza moja ya kanzu na kofia. Aliyewahi kufanya kazi hii mwenyewe anielekeze tafadhali.

Mama wa Columbus, Ohio

*

Dada, salaam zimefika. Piga mwenyewe. Wanangu wawili wakubwa niliwapiga mimi na picha zao ziko ukutani.

Kwanza waulize shule. Shule nyingine zina mkataba na studio moja, na picha ya kitabuni sharti ipigwe huko. Nyingine hupokea ya mzazi, ila wanataka iwe ya wima, kichwa na mabega, nyuma pasiwe na vurugu, na tarehe ya mwisho huwa mapema. Hizo za jamaa hazina masharti ya mtu.

Sasa kanzu, maana hapo ndipo picha zetu nyingi huharibika. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga huchukulia kwamba vyote ilivyoona, vikichanganywa, ni vya kijivu. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mtoto unazama gizani. Akivaa suti nyeusi mambo hugeuka, uso unapauka. Kwa hiyo pima mwanga usoni, si kwenye nguo. Tumia kitufe cha + na − mpaka ngozi yake ionekane kama unavyoijua. Kwa simu, gusa uso wake kwenye kioo, kisha telezesha kidole kurekebisha mwanga.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Picha ya darasa ya mkubwa wangu ilirudi nyumbani wenzake wakionekana hadi nyusi, yeye uso ni kivuli. Tatizo hili lina historia: kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley. Mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6 bado walikuwa wanatangaza kama jambo jipya kwamba kamera yao sasa inazitendea haki ngozi nyeusi. Wewe unaijua rangi ya mwanao kuliko fundi yeyote wa studio. Na ukifika kwenye kusafisha picha, usiguse zile programu za urembo, nyingi zinang'arisha ngozi bila kukuuliza.

Mwanga: Julai huko kwenu jua linazama karibu saa tatu usiku, basi tokeni saa moja na nusu, mtamaliza kabla ya Magharibi. Msimamishe kwenye ukingo wa kivuli, uso uelekee penye uwazi. Mtu ashike ubao mweupe chini ya kifua chake, utaona macho yanavyopata uhai. Weka tundu la lenzi kwenye f/2.8 au f/4, lenga jicho lililo karibu nawe.

Acha nafasi juu ya kofia. Picha ya inchi 8 kwa 10 ni fupi kuliko umbo la picha ya kamera yako, na wachapaji watakata. Kwa ukubwa huo hakikisha una angalau pikseli 2400 kwa 3000.

Baba wa Minneapolis

*

Naongezea kidogo. Bustani za maua nyingine hutoza ada ya kupigia picha hata kwa familia, pigeni simu kwanza. Ila mahali mwacheni achague mtoto mwenyewe. Wangu alichagua uwanja anaochezea mpira, akatulia kabisa. Na asiyetaka kumtazama mama yake kwenye kamera, mwite binamu asimame nyuma yako wapige soga.

Dada wa Seattle

*

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Shule imejibu, wanapokea ya mzazi. Mdogo wake atashika ubao. Swali moja tu: anavaa miwani na hataki kuivua. Vioo vinameta.

Mama wa Columbus

*

Dada, asiivue, ndiyo sura yake. Inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname chini, kisha ashushe kidevu kidogo. Ikibaki kumeta, sogea wewe hatua moja pembeni, na ubao uondolewe.

Baba wa Minneapolis