Muuzaji katia vyuma kwenye maji yangu yakageuka tope: kweli au kiini macho?

UmmuNassor (Kwahani)

Assalaam alaykum jamani. Swali langu bila kisa halieleweki, kwa hivyo nivumilieni.

Jumamosi nilikuwa uani nakuna nazi, akapiga hodi kijana mtanashati, mkoba begani, anauza mashine ya kuchuja maji. Nikamkaribisha barazani. Akaomba glasi mbili. Moja nikamtilia maji ya mfereji wetu, ya pili akatia mwenyewe kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, ati hayo yameshapita kwenye mashine. Akatoa kidude chenye vyuma vinne, akakichomeka kwenye umeme, akatumbukiza. Wallahi hazikufika dakika mbili, maji yangu yakawa ya kahawia, tope linaelea juu kama ukwaju uliovurugwa. Glasi yake haikubadilika, labda umanjano wa mbali. Mama mkwe akashika kichwa: "Miaka yote hii tunakunywa haya!"

Bei laki nane na nusu. Nusu tulipe sasa, iliyobaki miezi mitatu. Baba Nassor yuko Pemba kwenye karafuu, nikamwambia kijana arudi Alkhamisi.

Hali yetu ni hii: maji yanatoka siku tatu kwa wiki, tena usiku. Tunajaza tangi la plastiki la lita 1,000 lililo juu ya dari, ndiyo yanashuka mferejini. Hayana chumvi mdomoni, ila birika linashika ukoko mweupe kama chokaa. Ya kunywa tunachemsha, lakini watoto wakitoka chuoni na kiu yao wanakinga mkono mferejini hivyo hivyo. Mdogo kaharisha mara mbili mwezi huu, na mie niliyeiona kipindupindu ya 2016 mtaani kwetu, mtoto akiharisha silali. Ninunue?

FundiBomba_Mtoni

Waalaykumu ssalaam dada. Usitoe hata shilingi. Akirudi, chukua glasi ya maji yake yeye, yaliyochujwa, tia chumvi ya kupikia kidogo kwa ncha ya kijiko, koroga, umwambie atumbukize vyuma vyake. Utaona tope vilevile.

Uchafu ule hautoki kwenye maji, unatoka kwenye vyuma. Umeme ukipita majini chuma kinalika, na ile uliyoiona ni kutu. Penye madini umeme unapita vizuri, pasipo na madini haupiti. Basi. Na maji yetu ya Unguja yanatoka chini kwenye mwamba wa chokaa, madini yatakosaje? Ndiyo huo ukoko wa birika. Unaudhi, lakini haukuharishii mtoto.

Kuna kidude kingine kama kalamu, kinatoa namba. Nacho kinapima madini yaliyoyeyuka tu. Maji yenye vijidudu vya kipindupindu yanaweza kukupa namba nzuri kabisa.

Tena mashine ya bei hiyo, nakisia ni ya utando, ile inayosukuma maji kwenye ngozi nyembamba mno hata chumvi haipenyi. Inataka presha, inataka umeme, na kwa kila lita moja unayokunywa nyingi za majumbani zinamwaga lita mbili, tatu. Weye unayepata maji siku tatu kwa wiki!

Mie ningeanzia juu ya dari. Tangi hilo limeoshwa lini? Na jambo jingine: bomba likikaa tupu linavuta vya nje penye ufa, maji ya mtaro, maji ya karo. Yakifunguliwa usiku, hayo ndiyo yanayotangulia. Yaache dakika kadhaa yaingie kwenye ndoo ya kudekia, halafu ndiyo ufungulie tangi.

Mjambiani

Fundi sikupingi, ila mashine ya utando usiitukane moja kwa moja. Huku kwetu upande wa mawe kisima changu wakati wa kiangazi chai haihitaji tena chumvi 😄. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, ukivuta sana kwa pampu, yale ya chini yanapanda. Chumvi hiyo huichemshi ikatoka wala mshumaa wa udongo, lile chujio la kwenye ndoo, hauizuii. Mie ninayo mwaka wa tatu, na maji inayoyamwaga naoshea choo. Dada yetu wa Kwahani kasema yake hayana chumvi, kwa hivyo simo.

Mkunga_Mstaafu (Chake Chake)

Mwanangu, huyo mdogo akiharisha tena usingoje majibu ya humu, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti na umpeleke kituo cha afya.

Kuchemsha: yakishatokota kwa mapovu makubwa dakika moja yametosha. Nawaona watu wanachemsha robo saa, wanateketeza gesi bure, kisha wanayatia kwenye ndoo wazi na kata inayoshikwa na kila mkono. Nimewapokea wengi wodini ambao wanachemsha kweli. Tafuta chombo chenye mfuniko na bomba chini.

Ukitaka chujio, zile ndoo mbili za mishumaa ya udongo zinakutosha. Zinazuia matope na bakteria, hazitaki umeme. Virusi vingine vinapita kwa udogo wao, kwa hivyo yakishachujika tia dawa ya maji ndoo ya chini kwa kipimo kilichoandikwa, usubiri nusu saa. Mshumaa ukizidi kuchelewesha usugue kwa brashi laini na maji, sabuni hapana. Ukiona ufa, tupa, hata kama umeununua jana.

UmmuNassor (Kwahani)

Ahsanteni sana. Nakupeni matokeo.

Alkhamisi kijana kaja. Nikamwekea kahawa, nikaitia chumvi glasi yake mbele yake, nikamwambia haya, chovya. Likatoka tope zito kuliko langu. Kanyamaza, kisha akasema vyuma vimechafuka kwa safari. Kahawa hakuimaliza.

Ijumaa baada ya sala shemeji kapanda juu ya dari. Mfuniko wa tangi ulikuwa umekaa upande, na ndani mjusi kafiri, keshavimba, pamoja na tope la vidole vitatu. Sikumwambia mama mkwe habari ya mjusi, na nyie msimwambie. Wamelisugua, wakajaza, wakatia lita moja ya ile klorini ya kufulia ya asilimia 5, isiyo na manukato, likalala usiku kucha, asubuhi tukayamwaga yote chooni.

Ndoo za mishumaa nimezipata Darajani. Zinadondosha pole pole, tangu alfajiri mpaka adhuhuri ndoo haijajaa, na watoto wanaikodolea macho kama futari. Mama mkwe hajaridhika. Anasema maji yangu hayana mashine, atajuaje kama yamechujwa?