Mbishi anasema atomu haijawahi kuonekana, tuanzie wapi kumjibu?

Wakuu, naomba ushauri wa kupanga hoja. Mbishi anadai picha za atomu ni michoro ya kompyuta tu. Nusu yake ni kweli, tusibishe: mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, atomu haifiki hata nanomita 1. Hadubini ya darasani haitenganishi atomu mbili zilizopakana, hata lenzi iwe safi vipi.

Hadubini ya wanafizikia Binnig na Rohrer ya 1981 (STM) haina lenzi kabisa. Ncha kali ya metali inasogezwa hadi pengo la chini ya nanomita 1, elektroni zinavuka. Pengo likipanuka kwa nanomita 0.1 tu, mkondo huo wa umeme unashuka karibu mara kumi. Kompyuta inachora kupanda na kushuka kwa ncha inapopita juu ya atomu. Rangi zinapakwa baadaye. Hapo ndipo anaporuka: "Si mchoro huo!" Ukimtajia atomu 35 za zenoni zilizopangwa moja moja kuandika jina la kampuni ya IBM mwaka 1989, jibu ni lilelile.

Imebaki picha ya David Nadlinger wa Oxford iliyoshinda tuzo 2018: atomu moja ya strontiamu yenye chaji, kati ya ncha mbili za metali zilizoachana milimita 2 hivi, kwa kamera ya kawaida. Ila ile nukta ni mwanga unaotolewa na atomu, si umbo lake. Ukiita umbo, umenaswa.

Je, tuanze na picha hii, au tukubaliane kwanza maana ya "kuona"? Nyota nayo ni nukta ya mwanga, mbona haikatai? Mfano huo unasimama, au una tundu?