Karatasi ya mkonge pori imenitokea nyeusi na inamomonyoka, nakosea wapi?

baba_wawili_kayole
Wadau hamjambo. Hii ni wiki ya tatu napambana na karatasi ya kutengeneza kwa mkono. Nilianza na magazeti ya zamani ikatoka poa, sasa nikataka mmea wa porini wenyewe. Shangazi yuko Kajiado na huko kwake mkonge pori umejaa kwa ua, ule Wamaasai huuita oldupai, nikabeba gunia moja kwa matatu na makanga akanilipisha viti viwili. Nikakwaruza majani kwa kisu mpaka zikabaki nyuzi tupu, nikachemsha na magadi ya sokoni kwa ile sufuria kubwa ya wageni. Kidogo tu maji yakaanza kutoa povu kama soda iliyotikiswa, nyuzi zikageuka kijivu halafu nyeusi. Nikasaga kwa blenda, nikachota hiyo rojo na fremu yenye wavu, ilipokauka ikawa inavunjika kama chapati ya juzi. Sufuria nayo imebaki na mabaka na mama watoto haniongeleshi. Shida ni mmea ama ni mimi?

jiko_la_nyuma
Pole ndugu lakini nimecheka hapo kwa chapati. Shida ni sufuria, mmea hauna makosa. Hizi sufuria zetu ni alumini na magadi huila alumini, hilo povu ulikuwa unaona ni gesi ya haidrojeni na hiyo inashika moto, kwa hivyo shukuru hukulipua jikoni. Kwa githeri unatia kijiko tu ndio maana huoni kitu, wewe naona ulimwaga kikombe. Tafuta sufuria ya stenlesi, ama ya enamel kama haijabanduka. Usiniletee debe la mabati, zinki pia huliwa. Na upikie nje.

mama_nyuzi
Aliyosema hapo juu ni kweli ila hiyo ni nusu ya shida, rangi umeelezwa, kuvunjika ni blenda. Blenda hukatakata nyuzi zikawa fupi na nyuzi fupi hazishikani. Mkonge unataka kutwangwa baba, kwa kinu na mchi ama nyundo ya mbao juu ya ubao, nyuzi zipasuke kwa urefu zitoe manyoya manyoya, hayo manyoya ndiyo hushikana karatasi ikikauka. Mimi hutwanga saa nzima na mkono unauma lakini karatasi yangu ukiikunja hailii.

Magadi usikadirie na jicho. Nyuzi kavu nusu kilo nawekea kama gramu 100, naongeza kidogo kwa sababu ya sokoni huja na mchanga. Kata nyuzi kwanza ziwe urefu wa kidole, loweka usiku kucha, chemsha saa mbili tatu moto mdogo, vaa glavu. Utajua zimeiva ukivuta uzi mmoja na vidole ukaachana bila kubishana. Halafu suuza, suuza, suuza mpaka maji yawe safi na yasiteleze mkononi. Hapo ndipo watu huchoka.

kijana_wa_mto
Si ungetumia tu mafunjo? Wamisri walitumia hayo na hayahitaji kuchemshwa na magadi, na pale Ondiri Kikuyu si kuna kinamasi kizima, kwani ni lazima Kajiado?

mama_nyuzi
@kijana_wa_mto tulia kwanza. Ya Wamisri haikuwa karatasi ya rojo kama hii, walikata moyo wa bua vipande vyembamba, wakapanga safu moja hivi na nyingine kuikatiza juu, wakagandamiza. Hakuna kutwanga nyuzi, hakuna kuchota na fremu. Cha kuchekesha ni kwamba neno karatasi lilitufikia kupitia Kiarabu kutoka Kigiriki, na huko lilikuwa jina la kipande cha kuandikia cha hayo hayo mafunjo 😂. Na Ondiri tafadhali usipeleke panga, Mto Nairobi unaanzia hapo. Kama unataka cha kuvuna bila huruma, omba wavuvi wa Kisumu wakutumie mabua ya gugu maji, hilo ni la kuja kutoka Amerika Kusini na hakuna atakayekulilia.

baba_wawili_kayole
Asanteni sana, kumbe mimi ndiye mjinga wa sufuria. Jumamosi nilishuka Kamukunji nikapata ya stenlesi, ya alumini nimenunua mpya nikapeleka nyumbani kama fidia, nimeanza kusalimiwa. Nimetwanga jana na leo, za kwanza ziko kwa blanketi chini ya matofali. Rangi imekuwa kama chai ya maziwa. Swali moja tu, nikiandika na biro iko sawa lakini wino wa kalamu unasambaa kama maji kwa tishu. Nifanyeje?

jiko_la_nyuma
Uji wa wanga wa muhogo, mwepesi kabisa, paka na brashi karatasi ikiwa kavu, upande mmoja kwanza. Ikikauka geuza. Na uupike kwa ile sufuria ya zamani yenye mabaka, si bado unayo?

baba_wawili_kayole
Imeshapandwa dania.