Walimu wa urubani hapa Wilson, kile kishikio chekundu si pambo!

Wadau, leo sipoi. Mimi ni fundi wa injini za pistoni hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na nimechoka kusingiziwa. Kishikio hicho chekundu ni mikscha, kinachopima mafuta yanayochanganyika na hewa: ukikisukuma mbele yanaongezeka, ukikivuta yanapungua.

Juzi ndege ndogo ya Cessna 172 ya shule moja (siitaji, wenyewe wanajijua) ilirudishwa hanga ikiwa imebakiza kuingia barabara ya kurukia tu. Mwalimu kaandika kwenye kitabu: "Magneto ya kushoto mbovu, injini inakohoa." (Magneto ndiyo inayotoa umeme wa cheche za plagi.) Halafu kampigia simu mwenye ndege kumwambia fundi analala kazini. Haya, nikafungua plagi. Za juu safi. Za chini upande wa kushoto zimejaa vijipira vya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), vya kijivu, vimejibana kati ya kauri na ganda la chuma. Vingine ukubwa wa punje ya uwele. Nikakaa kuvichokonoa kimoja kimoja kwa ncha ya chuma, nikarudisha plagi, nikawasha. Magneto nzima! Haijawahi kuugua.

Risasi hiyo sikuiweka mimi, imo kwenye mafuta. Avgasi ya 100LL, yaani petroli ya ndege za pistoni, inaruhusiwa kuwa na risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Humo humo huchanganywa kemikali yenye bromini ili ibebe risasi itoke na moshi, ila bila joto haifanyi kazi. Sasa nyinyi mnakaa foleni ya kuruka, injini inanguruma chini ya mizunguko 800 kwa dakika (rpm), mikscha imesukumwa mpaka mwisho, petroli inazidi hewa, silinda baridi. Risasi itakwenda wapi kama si kwenye plagi? Lycoming wenyewe, watengenezaji wa injini za ndege, wanashauri 1,000 hadi 1,200 mkiwa chini. Hata hilo hamlifuati.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mnawafundisha watoto wa watu "nyekundu mbele, usiguse," kana kwamba tuko Malindi ufukweni. Kitabu cha 172 kinasema wazi: ukiwa juu ya futi 3,000, kabla ya kuruka punguza mafuta mpaka rpm ifike juu kabisa. Wilson iko futi 5,500 hivi! Mchana joto likifika nyuzi 27, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 8,000 na ushei. Mnaruka na mafuta kibao, nguvu inapotea, kisha mnakuja kwangu eti ndege haipandi.

Sababu naijua. Ndege inakodishwa kwa saa, bei ikiwa pamoja na mafuta. Nani atahangaika na lita asizolipia?

Nilipomuuliza mwalimu, akanijibu "ukipunguza utaunguza injini." Jamani! Injini ikiwa inazunguka taratibu chini haina nguvu ya kujiunguza, hata ukiibana mafuta namna gani. Hatari ya joto na kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) iko kwenye nguvu kubwa, zaidi ya asilimia 75, na hapo kweli usicheze. Mkiwa kwenye foleni vuteni mpaka injini ianze kusitasita, kisha rudisheni kidogo sana. Mtu akisahau akafungua throto, kishikio cha kuongeza nguvu, injini itagoma pale pale, na atakuwa bado ardhini. Anayenitisha mimi ni yule wa kuvuta nusunusu, maana injini yake itakubali kuruka huku silinda zinachemka.

Na nyinyi mnaoshuka Mombasa, mikscha mliyoiweka futi 9,500 haifai chini. Isukumeni mbele kidogo kidogo kadiri mnavyoshuka. Kuna aliyesahau, injini ikaanza kukohoa karibu na kutua, naye akarudi na hadithi ya maji kwenye mafuta. Tukamwaga tanki kutafuta maji ambayo hayakuwepo.

Kuanzia sasa plagi ikija imejaa risasi nitaipiga picha na kuiambatanisha na bili. Mwenye ndege aamue mwenyewe amdai nani.

Mafundi wa Nanyuki na Eldoret, huko kwenu ni juu zaidi ya hapa. Wanafunzi wenu wanafundishwa kuvuta mikscha, au na nyinyi mnashinda mkichokonoa plagi?