Kivuko kikifungwa injini mpya, umri wake huanza upya?

Mkazi wa Ukerewe:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. MV Nyerere, kivuko kilichokuwa kikihudumia Bugolora na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, kiliundwa mwaka 2004, na miezi michache kabla ya kupinduka tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa kimefungwa injini mpya. Ni kipi hasa kinachopima umri wa chombo kinachobeba watu na magari kwa pamoja?

Fundi wa vyombo:
Injini hubadilishwa, kinachochoka ni bodi lenyewe. Kila lori linapopanda, uzito wa ekseli zake huangukia mlango wa kushushia na sehemu ya sitaha iliyo karibu nao, kwa hiyo nyufa huanzia kwenye bawaba na maungio ya hapo, huku mchanga wa gatini ukikwangua mabamba ya chini. Ndiyo maana chombo hupandishwa chelezoni, yaani mahali pa kutengenezea vyombo nje ya maji, mabamba yakapimwa unene, na yaliyoliwa na kutu yakakatwa na kuchomelewa mengine. Ziwa letu ni la maji baridi na kutu yake ni ya polepole, ilhali Likoni, Mombasa, penye maji ya chumvi, kivuko MV Harambee kilichoanza kazi mwaka 1990 kilikuwa bado kinavusha watu karibu miaka 30 baadaye. Matunzo ndiyo yanayoamua. Hata hivyo, injini mpya ikiwa na uzito tofauti na ile ya zamani, hesabu za uthabiti wa chombo, yaani uwezo wake wa kusimama wima majini bila kupinduka, hazina budi kufanywa upya.

Baharia mstaafu:
Nakubaliana na fundi kuhusu mabamba, lakini miaka 14 si uzee kwa kivuko. MV Nyerere ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220, na 41 wakaokolewa. Ilikuwa Alhamisi, siku ya mnada Bugolora. Watu wengi wakisimama juu ya sitaha, kisha wakasogea upande mmoja gati linapokaribia, uzito hupanda juu na kuhamia pembeni, na hapo hata chombo kipya kabisa hupinduka. Linaloniuma zaidi ni kwamba idadi kamili ya abiria haikufahamika mara moja, kwa kuwa mkata tiketi naye alifariki na kumbukumbu zake zikazama.

Mkazi wa Ukerewe:
Ahsanteni sana, wazee wangu. Basi nakala ya orodha ya abiria ingebaki gatini kabla kamba haijafunguliwa?

Baharia mstaafu:
Naam, na nahodha asiondoke mpaka aliyehesabu watu getini amemthibitishia idadi.