Naomba ushauri: pikapu ya dizeli kwa 800,000, kazi ya Kwale hadi Kongowea

Hamjambo wandugu. Natafuta pikapu ya kebu moja ya kushusha nazi na mihogo sokoni Kongowea, mzigo wa kilo 800 hivi, kwa feri ya Likoni. Bei ya gari isizidi 720,000. Zile 80,000 ni za oili, filta, bushi na matairi mawili ya nyuma.

Nimebaki na mbili. Hilux ya injini ya aina ya 5L, yenye lita 3 bila turbo: nzito kupanda, lakini pampu yake ya dizeli ni ya kawaida na fundi yeyote anaifungua. Mkanda wa taimingi nitabadilisha siku ya kwanza, maana ukikatika valvu hugonga pistoni. Ya pili ni Nissan Hardbody ya injini ya YD25. Ina nguvu zaidi na haina mkanda bali mnyororo wa taimingi, ila mnyororo huo hulegea oili ikicheleweshwa, na kuubadilisha si kazi ya bei ndogo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari. Chumvi ya bahari hula kwa ndani, na wauzaji hupaka rangi nyeusi juu. Nagonga kwa nyundo ndogo pale springi za nyuma zinaposhikia: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio butu na unga wa kutu.

Mnaoshika magari haya kila siku: chesisi iliyochomelewa kiraka pale itabeba kilo 800, au niiache tu? Na mnyororo wa YD25 mnaujuaje umelegea kabla ya kufungua injini?